Njia Isiyo na Honi: Baiskeli na Historia ya Usukuma Tusiyoisoma

Historia tuliyokaririshwa sekondari ilisafiri kwa treni. Ukiulizwa habari za usafiri wakati wa mkoloni, jibu la kupata maksi lilikuwa reli ya kati, halafu tawi la kutoka Tabora lililofika Mwanza mwaka 1928 likipitia Shinyanga. Ukishaandika hivyo unaongeza pamba, unaongeza dhahabu, unafunga karatasi. Basi. Hakuna mwalimu aliyeuliza: hiyo pamba ilitoka shambani ikafikaje stesheni? Na huyo mkulima, baada ya kulipwa, alirudije kwake?

Jibu lipo miguuni petu. Alipita njia ya changarawe, nyembamba kama upana wa mtu na mzigo wake, haina gari wala honi, inapinda kwenye majabali na kukata katikati ya mashamba ya mtama. Kwanza aliipita kwa miguu. Baadaye akaipita na baiskeli. Mimi nadai, ndugu msomaji, kwamba ukitaka kuijua Shinyanga na ukanda wote wa dhahabu mpaka Geita, lazima uifuate njia hiyo. Na nadai pia kwamba tusipofanya haraka hatutaikuta.

Kabla hujasema huyu kijana wa bara anatuletea mambo ya kijijini, sikiliza mambo ya Ulaya. Huko Ufaransa, mwaka 1997, walichukua reli ya zamani isiyotumika katika jimbo la Burgundy, kati ya Givry na Cluny, wakaigeuza kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Gari marufuku. Mwaka 2004 wakaiingiza kabisa kwenye sheria za barabarani: njia za namna hiyo ni za baiskeli, waenda kwa miguu na wapanda farasi tu. Leo watu wazima wenye fedha zao wanafunga safari kutoka miji mikubwa kwenda kutafuta barabara za changarawe mashambani, mradi tu wapite mahali ambapo hakuna gari. Wanalala kwenye nyumba za wageni vijijini, wanakula, wanalipa, wanarudi makwao wakisifia.

Sisi njia hizo tunazo tangu zamani. Hatukuzijenga kwa bajeti. Tulizichonga kwa nyayo.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya Mjerumani, nchi yetu ilikuwa imekatwakatwa na njia za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe, majembe, vitambaa na chumvi, wakienda mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Ndiyo maana njia zilikuwa nyembamba. Mstari mmoja wa watu hauhitaji uwanja. Mwezi wa Julai 1858 Mwingereza John Speke aliondoka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wanalivua samaki tangu enzi za mababu. Vitabu vinasema aligundua. Sawa. Lakini njia hakuigundua. Aliikuta imekanyagwa, imelainishwa, ina visima vyake na mahali pake pa kulala. Aliongozwa na watu walioijua.

Sasa kuna jambo la udongo, na hapa naomba mnivumilie, maana bila udongo hamtaelewa baiskeli. Usukuma ni nchi ya mawimbi. Juu kabisa kuna majabali ya mawe. Ukishuka unakuta mchanga mwepesi, Wasukuma wanauita luseni. Ukizidi kushuka unakuta udongo mgumu uliokauka kama sakafu, na mwishoni kabisa, bondeni, unaingia mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa na masika unageuka gundi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, katika miaka ya 1930 aliieleza mpangilio wa namna hii, udongo unaofuatana kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni, na wataalamu wa dunia nzima wakachukua fundisho lake. Lakini Msukuma alikuwa na majina ya kila kiungo cha mnyororo huo kabla ya mtaalamu kufika.

Aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye mbuga mwezi wa tatu anajua. Matope yanajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma, unashuka, unatafuta kijiti, unakwangua, unapanda, hatua kumi linagoma tena. Mwisho unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Kwa hiyo njia zetu hazikupinda kwa ujinga. Zilipinda kwa akili. Zilikwepa mbuga, zikafuata mgongo mgumu wa changarawe, zikavuka bonde pale tu penye wembamba. Mhandisi aliyekuja na rula akachora barabara iliyonyooka, mvua ikamfundisha.

Baiskeli yenyewe ni kitu cha juzijuzi. Ile tunayoijua, ya magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa nyuma, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885, na mwaka 1888 John Dunlop akaleta tairi la upepo. Ikaja kwetu na wamisionari na maofisa, ikashuka kwa makarani na walimu. Mtu wa kawaida aliitazama tu. Kilichoibadilisha hali hiyo ni pamba.

Hii ndiyo sura ambayo ningependa mtu aiandikie riwaya. Baada ya vita ya pili ya dunia bei ya pamba ilikuwa nzuri, na wakulima wa Usukuma wakalima kweli kweli. Tatizo lilikuwa mizani. Wanunuzi waliwapunja, na kila mtu alijua. Ndipo Paul Bomani na wenzake wakaanza kuwakusanya wakulima katika vyama vyao wenyewe, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa herufi za VFCU. Ulikua mpaka ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima. Mkulima akapima pamba kwenye mizani aliyoiamini. Akalipwa. Na alipolipwa alinunua nini? Bati, ng'ombe, cherehani, na baiskeli. Raleigh ya Mwingereza, baadaye Phoenix ya Mchina na Hero ya Mhindi.

Baiskeli haikuwa pambo. Ilikuwa mashine ya kuongeza watu. Mtu mmoja aliyekuwa anabeba mzigo mmoja kichwani sasa alifunga gunia kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, akasukuma au akapanda, akafika sokoni na kurudi siku hiyo hiyo. Mgonjwa alipelekwa zahanati. Bibi harusi alipelekwa kwao mume. Barua ilifika. Na ile njia nyembamba ya wapagazi, ambayo gari lisingeweza kuingia hata kidogo, iliitosha baiskeli kana kwamba walipimana. Wapagazi walikuwa wamewachongea wajukuu zao barabara bila kujua.

Hapa siasa inaingia. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataa TANU isiwe na matawi Usukumani. Chama marufuku, mikutano marufuku. Mwaka 1958 watu wa Geita wakakataa baraza la wilaya la rangi mchanganyiko walilolazimishwa, na mamia yao wakaenda mpaka Mwanza kudai wasikilizwe. Sasa wewe unayependa hadithi za upelelezi jiulize: katika nchi ambayo mikutano imezuiwa, ambayo simu ni za bwana shauri na wenzake, habari zilitembeaje kutoka kijiji hadi kijiji? Askari na gari lake walikaa barabarani. Njia za changarawe hazikuwa na kizuizi. Hazikuwa hata kwenye ramani yake. Watu wa ushirika walizipita kila wiki kwa kazi halali ya pamba, na neno halina uzito kwenye keria. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mwandishi wa riwaya atajaza mwenyewe.

Uhuru ulipokuja tulidhani njia zitaheshimiwa, lakini pigo la kwanza lilitoka nyumbani. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, watu wa Shinyanga walihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakapangwa kwenye vijiji, vingi vikiwa kando ya barabara. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa ujamaa, huo una mabingwa wake pale kijiweni. Nasema habari ya njia tu. Njia ni uzi unaounganisha nyumba na nyumba. Ukihamisha nyumba, uzi unabaki umening'inia. Njia nyingi zilianza kuota majani mwaka ule, na majina ya mahali zilipopita yakabaki vichwani mwa wazee.

Halafu, kwa namna ya ajabu, shida ikairudishia baiskeli heshima. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilituacha hoi. Mafuta hayapatikani, vipuri havipatikani, magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Malori ya ushirika yakalala juu ya matofali. Miaka hiyo ilikuwapo Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini na kampuni ya NABICO, nzito kama mlango wa stoo, lakini ilibeba. Tairi likichanika lilishonwa kwa uzi. Sulusheni ya kuzibia pancha ikiisha, fundi aliumiza kichwa mpaka akapata njia nyingine. Kama kuna kizazi kilichoiweka nchi hii mgongoni, au tuseme kwenye keria, ni kile.

Nchi yenyewe pia ilikuwa inafunikwa upya. Shinyanga ilikuwa imefyekwa sana, kwanza kupambana na mbung'o tangu miaka ya 1920, kazi iliyoongozwa na Charles Swynnerton, halafu kwa ajili ya pamba, mifugo na kuni. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao badala ya kuleta miti ya kigeni peke yake ulirudia mila ya ngitili: kuyaacha malisho yapumzike masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Miti ikarudi. Mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Ukipita leo kwa baiskeli kwenye ukingo wa ngitili, upande mmoja vichaka na ndege, upande mwingine dengu na pamba, changarawe inalia chini ya tairi, hakuna mlio mwingine, utaelewa yule Mfaransa analipia nini.

Sasa tuje kwenye dhahabu, maana hapo ndipo moyo unapouma.

Mgodi wa Geita wa mkoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Katikati, Mwadui ilipata almasi, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ikazungushiwa uzio. Tukajifunza mapema kwamba ardhi ikionekana ina kitu, njia inaziba. Miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo wakafurika Nyarugusu, Mgusu, Bulyanhulu na kwingineko. Kijana akitoka Shinyanga na baiskeli yake alikuwa na mtaji tayari. Alibeba mawe kutoka duarani kwenda kwenye krasha, akabeba madumu ya maji kupeleka kwenye mwalo, akabeba vitumbua, mkaa, dagaa wa ziwani, viatu vya mitumba. Ukanda wote ule ulilishwa na baiskeli. Dhahabu ilitoka mfukoni, lakini chakula kilikuja kwa keria.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wakaondolewa Bulyanhulu. Mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Geita mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000, Buzwagi ukafuata mwaka 2009 na kusimamisha uchimbaji mwaka 2021. Nchi imepata kodi, watu wamepata ajira, siyakatai. Lakini jaribu kuwa mama wa kijiji ambaye njia yake ya kwenda kisimani, shambani na kliniki imekatwa na seng'enge. Fidia ilihesabu miembe, mihogo na vyumba vya nyumba. Njia ilihesabiwa shilingi ngapi? Njia haina mwenye nayo mmoja, kwa hiyo hakuna wa kusaini. Mama anazunguka. Anazunguka kupitia barabara kuu, pale yalipo malori.

Na barabara kuu ndiyo kaburi la mwenye baiskeli. Lami ni kitu kizuri, nani asiyeipenda? Mwezi Juni 2025 limefunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji, na kwenye safari ya Mwanza kwenda Geita, kuvuka maji kulikokuwa kunasubiri kivuko sasa ni dakika chache. Tumeshangilia. Lakini lami zetu nyingi zimejengwa kana kwamba nchi hii haina baiskeli. Ukingo mwembamba, kisha mtaro. Lori likija nyuma na basi likija mbele, wewe mwenye gunia la mkaa unaruka mtaroni. Dereva anapiga honi tu: "Toka!" Utoke uende wapi, wakati njia yako ya zamani imelimwa, imezungushiwa uzio, au imejengewa fremu za maduka?

Pikipiki nazo zikaja kwa wingi baada ya mwaka 2008, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kuzisajili kubeba abiria. Kijana akaona baiskeli ni umaskini. Mjini hapa Dar ukisema daladala unamaanisha basi. Shinyanga, Kahama na Geita mtu akikwambia panda daladala usitafute basi. Ni baiskeli yenye mto laini kwenye keria, na mwenye nayo anakusubiri chini ya mti na kitambaa cha kufutia jasho. Wengi wa hao wamehamia pikipiki. Wachache bado wanakanyaga. Pikipiki ina mwendo, kweli, lakini inakula petroli kila siku ya Mungu, na deni lake linakula usingizi. Baiskeli inakula ugali unaokula wewe.

Sasa tufanye nini? Sikuandika ili tulie tu pamoja.

Kwanza, sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya njia ya umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kupanga ardhi yake, na kwenye mipango hiyo vijiji vingi huchora mapito ya ng'ombe. Vizuri sana. Kama ng'ombe anachorewa mapito, mtoto wa shule mwenye baiskeli amekosa nini? Kijiji kinapokaa mkutano mkuu kupitisha mpango wake, mtu mmoja anyanyue mkono aseme: jamani, na ile njia ya kutoka kisimani hadi shuleni iandikwe. Ikishaandikwa, mwekezaji akija atakuta jina lake kwenye karatasi, na atalazimika kuizungumzia. Isipoandikwa, atakuta pori.

Pili, na hili ni letu sisi tunaojiita waandishi. Riwaya zetu nyingi zinaanzia stendi ya basi. Kijana anashuka Kariakoo, anaibiwa begi, hadithi inaanza. Sawa, lakini kabla ya stendi kulikuwa na njia. Nani ameandika mahali ambapo wapagazi walilala? Nani ameandika jina la jabali ambapo watu wa pamba walipumzisha baiskeli zao, au mti ambao fundi alitundika tyubu zake? Majina hayo hayamo kwenye ramani ya serikali wala kwenye ramani za simu. Yamo kwa babu na bibi zetu, na wao hawatungoji tumalize kutafuta mchapishaji.

Likizo ijayo, wewe mwenye kwenu Kahama, Msalala, Maswa, Geita, au popote penye changarawe, azima baiskeli. Mtafute mzee anayejua, mpe shikamoo yake kwa heshima, umuulize njia ya zamani ya kwenda mnadani ilipita wapi. Halafu ipite yote, uandike kila jina atakalokutajia. Daftari la kurasa 40 linatosha kwa kuanzia.